Toyota ya Papa, Chukudu ya Jéthro

Jumapili 15 oktoba 2000, Butembo

Amerudi. Bwana wangu amerudi. Naandika tena kwa raha tu ya kuandika: bwana wangu, Jéthro. Tuna mwezi mmoja na kidogo tangu arusi, na katika huo mwezi maaskari wamekula wiki nzima.

Walimkamata njiani akitoka Masereka, motokari imejaa viazi. Viazi wakavimwaga kwenye mtaro, wakapanda wao, wakamwambia endesha. Akaendesha hadi Beni, akaipita Beni, akaingia msituni. Anasema yeye hakumwona adui, alimsikia tu. Alikuwa analala chini ya motokari. Amerudi na ndevu, na harufu ya moshi, na tundu la risasi kwenye mlango wa dereva.

Nilitia kidole ndani ya lile tundu. Kinaingia chote. Halafu nilipima kutoka tundu mpaka mahali goti lake linapokaa. Ni kiganja kimoja. Goti la bwana wangu, ambalo mimi naweka kichwa juu yake jioni akiwa anasikiliza redio.

Mama Virginie, mama mkwe wangu, naye alikuja kutazama tundu. Alilipapasa sana. Kisha akasema: "Hii batajaza na mastic, bapake rangi. Haitaonekana."

Mtoto wake hakumpapasa.

Naichukia ile Toyota.

Jumanne 17 oktoba

Mvua tangu asubuhi, barabara haipitiki, kwa hiyo nimekuwa naye nyumbani siku nzima. Asante mvua. Ametengeneza mguu wa kitanda, amekula mahindi matatu, ameimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili ambayo ndiyo iliyonimaliza mimi siku ya kwanza, nikiwa mwaka wa sita, pale kanisani. Bado inanimaliza.

Ni yeye aliyesema kwanza, kwa kucheka: "Abigaïl, ningekuwa na chukudu nani angenichukua?"

Akacheka, akaendelea na mahindi. Mimi sikucheka. Nimefikiri jambo hilo mpaka sasa.

Chukudu! Kitu cha miti: magurudumu mawili ya mti, ubao mrefu katikati, mikono miwili mbele kama pembe za ng'ombe. Kuteremka, mtu anapiga goti moja juu ya ubao, mzigo mbele yake, anakwenda kama upepo. Kupanda, anasukuma.

Basi tufikiri kama watu waliosoma. Motokari inabeba asubuhi moja kile ambacho chukudu itabeba kwa safari tano au sita. Hilo ni kweli, silifichi. Lakini motokari inakunywa essence, yaani petroli, na essence inatoka Uganda, inapanda bei kila mpaka wa Kasindi unapokohoa. Motokari inalipa kila barieri ya maaskari. Ikizama kwenye matope inalala hapo mpaka kabichi zinanuka. Chukudu inapita pembeni ya matope. Haina karatasi. Kwenye barieri mtu anatoa fungu la poireaux, vile vitunguu vya majani, wanamwacha. Na Masereka iko juu, sisi tuko chini: mzigo unateremka, chukudu inapanda tupu. Ni kama Mungu alipanga ile milima kwa ajili yetu.

Ubaya: kifua chake, mabega yake. Na Beni. Beni ni mbali, na shemeji Edmond, kaka yake mkubwa, ana duka kule. Sabuni na chumvi yake zinapanda Toyota hii bila yeye kulipa kitu. Huyo atapiga kelele.

Upande mwingine wa mizani nimeweka kitu kimoja tu: hakuna aliyewahi kuchukuliwa kwenda vitani na chukudu. Askari gani atapanda miti?

Jioni alifungua injini kama kawaida, akatoa kichwa cha delko, kile kidude cheusi chenye nyaya kinachogawa moto kwa buji za injini. Bila hicho motokari ni sanduku. Kila mwenye motokari hapa Butembo anakitoa jioni na kukificha, maaskari wakija usiku wasiweze kuiwasha. Wengine wanaficha ndani ya unga, wengine ndani ya maharage. Chetu nakificha mimi. Nakifunga ndani ya sachet mbili za plastiki, halafu ndani ya kipande cha kitenge kilichobaki wakati nguo yangu ya arusi iliposhonwa. Kinalala katika valizi yangu, kati ya mashuka.

Kidude cha mke mwenzangu, ile Toyota, na mimi ndiye ninayekilaza.

Ijumaa 20 oktoba

Nilijua itakuwa vita, na imekuwa.

Edmond alifika kutoka Beni. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, yeye akipewa nyama ya shingo kwa kuwa ni mkubwa. Jéthro wangu alingoja kaka yake anawe mikono, akasema taratibu kwamba anataka kuweka motokari chini ya bati na kusukuma chukudu mpaka vita iishe.

Edmond hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Shemeji, ulisoma mpaka kupata diplome, na akili ulituletea ni hii? Miti?"

"Ni mimi nimesema, kaka," Jéthro akasema.

"Wewe hapana kusema kitu tangu uoe. Lakini fikiri kwanza. Sabuni yangu itafika Beni juu ya mabega yako?"

"Itapanda camion ya mizigo kama sabuni ya batu wengine."

"Camion ya bure iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," nikasema. Midomo yangu haikuningoja. "Ya bure iko ya Jéthro peke yake, na magoti yake ndani."

Mama Virginie aliweka kikombe chake chini. Ananiita mughole, yaani bibi-arusi kwa Kinande. Kwa mama wengine ni neno tamu. Kinywani mwake linatoka kama mbegu ya limau.

"Mughole, mi sikukuuliza. Bwana yangu alichuma kahawa ya Kalunguta mpaka mugongo ikapinda, juu ya kununua ile motokari. Ilikuwa motokari ya kwanza kwenye barabara yetu. Ilikuchukua wewe kanisani na maua. Mama yako aliimba. Leo unataka mutoto yangu asukume kama mutu hana baba?"

Jéthro akasema: "Mama, Papa alikufa na ugonjwa ya kifua. Hakukufa na risasi. Mi napenda kufa kama yeye, nikiwa muzee."

Nilimpenda upya. Mama Virginie alisimama, akakusanya sahani zote, na yangu, nikiwa bado nakula.

Jumamosi 21 oktoba

Mama Virginie anaiosha Toyota. Kila jumamosi anaiosha kwa mikono yake, ndoo nne kutoka kisima, hata isipotembea. Leo aliosha na lile tundu, kwa kitambaa alichozungusha kwenye kidole. Nilitaka kumsaidia ndoo. Akasema: "Acha. Utaiharibu."

Maji utayaharibu vipi?

Jumatano 25 oktoba

Chukudu imezaliwa. Siméon fundi wa mbao wa mtaa wa Furu ameichonga kwa mti wa eucalyptus, mzito kama mlango wa kanisa. Mikono yake mbele ina mkunjo mzuri. Jéthro aliipapasa, na mimi nikaona wivu kidogo, nikaufukuza.

Siméon alisema gurudumu bila mpira halifiki wiki: linapasuka juu ya mawe. Mpira unakatwa kutoka gurudumu la motokari, unapigiliwa misumari kuzunguka mti. Na kipande kingine nyuma, cha kukanyaga kwa mguu, ndiyo breki.

"Mpira iko bei," Siméon akasema. "Mwenye motokari ni wewe."

Jéthro alikuna shingo. Gurudumu la akiba la Toyota lilikuwa pale nyuma ya nyumba, na halina maana tena, si ndiyo? Mimi ndiye niliyelibiringiza mpaka kwa Siméon. Watoto wote wa barabara walinifuata wakiimba. Niliona kama ninavuta nyoka mkia.

Siméon alikuwa amekwisha kata pete ya kwanza Mama Virginie alipotokea. Sijui nani alimwambia. Alisimama mlangoni mwa karakana na kitambaa chake cha kichwa kimelegea. Hakupiga kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele.

"Umekata muguu ya bwana yangu," akasema.

"Mama, ni mpira wa—"

"Nimeona ni nini."

Akaondoka. Siméon alitema mate, akauliza kama aendelee. Nikamwambia endelea. Njiani nilimshika Jéthro mkono mbele ya watu wote, kitu ambacho hatufanyi, na yeye hakuutoa.

Jumapili 29 oktoba

Safari mbili kwa wiki hii. Mbili! Kabichi, poireaux, viazi. Alhamisi alipita mbele ya kambi ya maaskari na hawakuinua hata kichwa. Mmoja alimcheka. Chekeni. Chekeni mpaka meno yaanguke.

Jana alinipakia. Juu ya kile kilima cha barabara ya Masereka alisema panda, nikasema mtu mzima na kikwembe, akasema panda. Nikakaa mbele yake, kifua chake mgongoni kwangu, goti lake pembeni, na tukateremka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Mbuzi walikimbia. Chini kabisa alikanyaga breki, kukanuka mpira ulioungua, mpira wa Toyota, na sijawahi kusikia harufu tamu kama ile.

Leo kanisani nimelipa. Mama za kwaya waliningoja kwenye ngazi.

"Mama Chukudu! Arusi ilikuja na motokari, batoto batakuja na nini?"

"Muacheni, ana furaha. Bwana yake atapata mapaja mazuri."

"Mapaja iko mazuri tayari," nikajibu. "Ya bwana yako, mama, unakumbuka bado?"

Halafu nikaimba zaburi kwa sauti safi. Mungu ananijua.

Lakini mama yangu mzazi alikuwa nyuma yao, na yeye hakucheka upande wowote. Alisema tu: "Tulikupeleka kwa mutu wa motokari." Akaenda zake.

Wote. Wote wanapendelea awe amekufa ndani ya bati kuliko awe mzima juu ya mti.

Mama Virginie hajanisemesha tangu jumatano. Akitaka chumvi anaiambia paka.

Alhamisi 2 novemba

Nitaandika yote haraka, kwa furaha.

Jana jioni Edmond alikuja. Wakazungumza chini ya bati, kando ya Toyota, yeye na Jéthro na mama yao. Mimi sikuitwa. Nilisimama nyuma ya jiko.

"Safari moja tu," Edmond alikuwa anasema. "Beni, kwenda na kurudi. Chumvi imeisha kabisa kule, mutu mwenye kufika wa kwanza anauza namna anapenda. Barabara iko kimya. Nimepita mimi mwenyewe."

"Ulipita na camion ya wengine," Jéthro akasema.

"Na niko hapa, si ndiyo?"

Mama Virginie: "Mara moja, mutoto yangu. Itembee kidogo. Motokari ikisimama sana inakufa."

Na bwana wangu, mwenye moyo wa siagi, akasema: "Mara moja. Kesho asubuhi."

Alipoingia ndani aliniambia mwenyewe, hakuficha. Alisema: "Kisha narudi kwa chukudu yangu. Naapa." Alinibusu hapa kwenye paji. Nilisema sawa. Nilikuwa nawaza kiganja kimoja, kutoka tundu mpaka goti.

Asubuhi, yeye akiwa anaoga, nilifungua valizi. Nilichukua kidude, na sachet zake, na kitenge changu cha arusi. Nilikwenda chooni. Sikusita. Niliinua kifuniko, nikakiachia ndani ya tundu.

Nilisikia kimefika.

Halafu nilinawa mikono na kupika chai.

Alipofungua valizi na asikione, aliinua mashuka yote, akayakunja tena moja moja. Kisha alinitazama. Sikuinamisha macho. Nilikuwa na uso gani sijui. Alitazama kwa muda, akafunga valizi, akatoka uani, akamwambia kaka yake: "Leo haiwaki. Mi naenda Masereka." Akachukua chukudu yake. Kwenye mlango wa parcelle, kiwanja chetu, aligeuka na nikaona anacheka, bega linatikisika.

Edmond anadhani nimekificha. Alisema mbele ya mama yake: "Huyu mwanamuke anakalia delko kama kuku anakalia yai." Amebaki hapa, anangoja yai.

Atangoja.

Jéthro analala Masereka leo, kesho anateremka na poireaux. Kitanda ni kikubwa. Nimelala upande wake.

Ijumaa 3 novemba

Wamemchukua.

Na chukudu. Wamemchukua na chukudu.

Muuza mkaa mmoja aliona. Jéthro alikuwa anateremka, amefika kwenye kona iliyo juu ya mji, na pale maaskari walikuwa wengi, wanapanga safari ya kwenda ng'ambo ya Beni. Magari hayakuwatosha. Tangu asubuhi watu wanaficha magari. Basi wamekusanya kila chukudu inayoteremka. Poireaux kwenye mtaro, masanduku ya risasi juu ya ubao. Wanaume wamefungwa mikono kwenye pembe za chukudu zao wenyewe wasikimbie.

Nilikuwa nimeandika hapa, nimerudi nyuma kuangalia: askari gani atapanda miti. Hawakupanda. Hawana haja ya kupanda.

Kamanda alikuja hapa mwenyewe, na wawili. Ni yule yule wa safari ya kwanza, anaijua Toyota na anajua mlango wa parcelle yetu. Aliuliza kwa Lingala, motuka iko wapi, na iko pale chini ya bati, imeoshwa, inang'aa. Akapanda, akajaribu kuwasha. Hakuna kitu. Akafungua injini, akaona pale panapokosa kidude, akacheka. Wanajua.

Edmond alitafsiri, ingawa tulikuwa tumeelewa. Msafara unaondoka leo jua likishuka. Motokari ikifika kambini inatembea, na dereva yeyote, Jéthro anarudi nyumbani. Isipofika, Jéthro anasukuma masanduku mpaka yanapokwenda. Kutoka hapa mpaka Beni, na Beni mpaka msituni, kwa miguu, na risasi mbele yake.

Wakaondoka.

Sikutegemea kitu alichosema Edmond. Alivua koti lake. "Mi nitaendesha," akasema. Kisha, kwa sababu ni Edmond: "Motokari ikirudi, iko yangu. Mama ni shahidi." Akaninyoshea mkono. "Shemeji, michezo imeisha. Lete delko."

Nilisema: twende tununue ingine.

"Wapi? Duka yote imefunga. Na hata ikifunguliwa, mutu ataonyesha delko leo? Atasema ya motokari gani? Butembo yote leo haina hata delko moja. Lete."

Ni kweli. Mji mzima umejaa vidude ndani ya unga, na hakuna hata kimoja kitakachotoka.

Nilikwenda mpaka kwenye valizi. Nilipiga magoti mbele yake kama mtu anayetafuta. Mashuka aliyoyakunja yeye. Nilirudi na mikono mitupu, nikasema. Nilisema kilipo.

Edmond aliinua mkono. Mama Virginie aliushika ukiwa juu.

Hakuushika kwa ajili yangu. Uso wake haukuwa na kitu chochote kwa ajili yangu. Aliniuliza swali moja, la kwanza tangu jumatano ile: "Ulifunga na nini?"

"Sachet mbili, mama. Na kitenge."

"Ulifunga muzuri?"

"Nilifunga muzuri."

Akatazama jua. Kisha akamwambia Edmond achukue jembe, avunje sakafu ya choo, tundu lipanuke. Akaenda mwenyewe na taa na kioo kutazama ndani. Aliporudi alikuwa amejifunga kikwembe juu ya magoti. Anasema anaona rangi. Anasema kuna ubao wa zamani ulioanguka wakati wa ujenzi, na kitu kimekaa juu yake, au pembeni yake. Fimbo haifiki. Edmond ana mabega ya mlango. Yeye mwenyewe ana miaka yake.

"Wewe ndiye mwembamba," akaniambia. Hakusema zaidi.

Nimeingia kubadili nguo. Nimevaa suruali yake ya kazi, bado ina udongo wa Masereka kwenye goti, goti lile la kupiga juu ya ubao. Nimeikunja chini mara tatu. Inanuka yeye. Nimechukua kalamu ili mikono ifanye kitu, kwa kuwa jembe bado linapiga.

Sasa limenyamaza.

Nawaona kwa dirisha. Edmond amekwenda kufungua injini, kupangusa nyaya, iwe tayari. Kwa hiyo si yeye atakayeshika kamba. Kamba ni ile ya Toyota, ya kufungia mizigo, ndiyo walifunga nayo maua siku ya arusi. Mama Virginie ameizungusha kiunoni mwake mara moja, amekita visigino kwenye udongo, anaijaribu kwa uzito wake. Ncha nyingine iko chini inaningoja.

"Mughole," anaita. "Kuya. Jua linaenda."